Deni Si Uhaini, Wala Ndugu Si Njama

Miongoni mwa Waafrika Mashariki waishio Marekani imeota mizizi imani moja ambayo hutetewa pia, kwa sababu tofauti, na watu wengi wa usalama wa dola ile. Imani yenyewe ni hii: mwenye mama, ndugu au kiwanja nje ya Marekani, na juu yake akawa anadaiwa, hafai kukabidhiwa siri za serikali. Mwombaji anayeiamini hukimbilia moja ya njia mbili. Ama anaacha kabisa kuomba kazi inayodai kibali cha usalama, iwe ya jeshi, ya ubalozi, au ya kampuni za kompyuta zinazoihudumia Pentagon kule Virginia na Maryland. Ama anaomba, kisha akifika kwenye maswali ya ndugu na ya fedha anaficha. Mpekuzi anayeiamini humtazama mwenye shangazi Mombasa kama mtu aliyekwisha kutenda nusu ya kosa. Wote wawili wamekosea, na kosa lao linaigharimu nchi ile na linawagharimu watu wetu. Sisemi kwamba ndugu na deni havina uzito katika kumpima mtu. Nasema uzito wake hauonekani mpaka uangalie mtu huyo anavyoenenda: anasema nini kuhusu ndugu zake, analishughulikiaje deni lake, na ni nani hasa anayeweza kumfikia kupitia mambo hayo. Anayeiruka hatua hiyo akahukumu kwa ukoo na kwa salio la benki anawafungia mlango waaminifu, na historia ya ujasusi nchini Marekani inaonyesha kwamba wasaliti walipita mlango mwingine.

Tuanze na kanuni, maana wengi wanaozitaja kwa hofu hawajazisoma. Tangu Juni 2017 vyombo vya serikali ya Marekani vinafuata mwongozo mmoja ujulikanao kama SEAD 4, wenye vigezo 13 vilivyopangwa kwa herufi, kuanzia A hadi M. Kigezo B kinahusu ushawishi wa kigeni, na kigezo F kinahusu fedha. Kigezo B hakisemi kwamba mwenye ndugu nje anyimwe kibali. Kinataka kujua ndugu huyo ni nani, yuko nchi gani, serikali ya nchi hiyo ina tabia gani, yeye mwenyewe anafanya kazi gani, na mko karibu kiasi gani. Kisha kinataja mambo yanayopunguza wasiwasi, likiwamo la mtu aliyejenga maisha yake ndani ya Marekani kwa muda mrefu na kwa kina kiasi kwamba, akibanwa kuchagua, anatarajiwa kusimama upande wa nchi hiyo. Kigezo F nacho hakitaji kiasi cha fedha ambacho mtu akikivuka amekwisha. Kinataja kupoteza kazi, biashara kuanguka, ugonjwa wa ghafla, kifo, talaka, mikopo ya kinyonyaji, hata kuibiwa utambulisho, na kinauliza kama aliyefikwa na hayo alijitahidi kulipa kwa nia njema. Juu ya vyote imewekwa kanuni ya kumtazama mtu kwa ujumla wake, mazuri na mabaya pamoja. Na amri ya rais namba 12968 ya mwaka 1995, iliyotiwa saini na Bill Clinton, inakataza kumbagua mwombaji kwa asili ya taifa lake.

Kama kanuni ziko hivyo, hofu imetoka wapi? Imetoka kwenye utekelezaji. Katika mashauri yanayosikilizwa na DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayoshughulikia wafanyakazi wa makandarasi, fedha ndiyo sababu inayojitokeza kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1988, katika shauri la Wizara ya Jeshi la Majini dhidi ya Egan, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali, na ikakataa kupimwa upya kwa busara ya aliyekinyima. Mwongozo unaongeza kwamba shaka yoyote iamuliwe kwa kuupendelea usalama wa taifa. Yaweke pamoja mambo hayo. Ofisa aliyemnyima mtu mwaminifu hataulizwa, kwa kuwa hakuna atakayejua mtu huyo angefanya mema gani. Ofisa aliyempa kibali msaliti jina lake litabaki kwenye ripoti za uchunguzi. Katika hali hiyo ni rahisi mno kwa ndugu wa nje na deni, vitu vinavyohesabika na kuonekana kwenye karatasi, kugeuzwa kuwa vipimo vya uaminifu, wakati mwenendo wa mtu unahitaji kufuatiliwa kwa saa nyingi na kwa akili iliyotulia.

Wanaotetea hali hii wana ushahidi, nao unastahili kujibiwa bila kukwepa. Aldrich Ames wa CIA, akiwa amelemewa na madeni baada ya talaka, aliingia ubalozi wa Kisovieti mjini Washington mwezi Aprili 1985 na kuanza kuuza majina. Malipo ya mwanzo yalikuwa dola 50,000, na watu wasiopungua 10 waliokuwa wakiisaidia Marekani kwa siri waliuawa kwa sababu yake. Brian Regan, mtumishi wa zamani wa Jeshi la Anga aliyekamatwa Agosti 2001, alikuwa na madeni ya zaidi ya dola 100,000 alipojaribu kumuuzia siri Saddam Hussein. Kevin Mallory, aliyewahi kuwa CIA, alikuwa nyuma katika kulipa mkopo wa nyumba alipowauzia Wachina, akahukumiwa miaka 20 mwaka 2019. Kwa hiyo, wanasema, deni ndilo lango.

Lakini mfuate Ames hatua kwa hatua uone ni kipi kilichokuwa kinapiga kelele. Deni lake la mwanzo lilikuwa la kawaida. Wangapi hutoka kwenye talaka bila kudaiwa? Kisichokuwa cha kawaida kilikuja baadaye. Mtumishi wa umma alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu, akaendesha gari la Jaguar kwenda kazini, na maelezo yake yakawa kwamba fedha zimetoka kwa familia tajiri ya mkewe nchini Colombia. Maelezo hayo yalikubaliwa kwa miaka, na alipimwa kwa mashine ya kugundua uongo mwaka 1986 na tena 1991, mara zote akapita. Alikamatwa Februari 1994. Ndugu wa kigeni walikuwa wanajulikana tangu mwanzo, na badala ya kumfichua walimpa kisingizio, kwa sababu waliohusika walitosheka na kujua kwamba wapo. Na upande wa deni, hesabu yenyewe inakataa. Watu wenye vibali vya usalama nchini Marekani wanazidi milioni 4, na wengi wao, kama Wamarekani wengine, wana mkopo wa nyumba, wa masomo, wa gari, na kadi mbili tatu. Wadaiwa waliogeuka majasusi katika miongo yote tangu Vita vya Pili vya Dunia wanatajika kwa majina. Kipimo kinachowagusa mamilioni ili kiwapate wachache hivyo kinafaa kuanzisha maswali. Hakifai kutoa hukumu.

Kuhusu ndugu, ushahidi ni mwepesi zaidi. Ana Montes, mchambuzi mkuu wa masuala ya Cuba katika shirika la ujasusi la Wizara ya Ulinzi, aliitumikia Cuba kwa karibu miaka 16 mpaka alipokamatwa Septemba 2001. Baba yake alikuwa daktari wa Jeshi la Marekani. Kaka yake na dada yake walikuwa FBI. Hakuwa na njaa ya fedha wala mateka Havana. Aliamini tu kwamba nchi yake inaionea Cuba. Robert Hanssen, aliyeiuzia Moscow siri za FBI kwa vipindi tangu 1979 hadi 2001, alizaliwa Chicago, mtoto wa polisi. Jack Teixeira, kijana wa miaka 21 wa kikosi cha anga cha Massachusetts, alimwaga nyaraka za vita vya Ukraine mtandaoni mwaka 2023. Alitoka katika familia yenye mazoea ya jeshi, na wakubwa wake walikwisha kumwonya kuhusu anavyochungulia taarifa zisizomhusu. Kwa kila mmoja wao karatasi ya ukoo ingesomeka safi. Kasoro ilikuwa kwenye matendo.

Sasa geuza upande wa pili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Japani, kwa hoja hii hii kwamba damu na ndugu ni dalili ya usaliti. Wakati huohuo Wamarekani wapatao 6,000, wengi wao watoto wa Wajapani hao hao, walipitia mafunzo ya ujasusi wa lugha ya jeshi, wakaenda kuhoji mateka na kufasiri nyaraka za adui katika visiwa vya Pasifiki. Wengine walikuwa na kaka na wazazi ndani ya Japani yenyewe. Waliotiliwa shaka kuliko wote, wale waliosomeshwa Japani wakiwa watoto, ndio walioijua lugha vizuri kuliko wote. Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ilipochunguza jambo hilo baadaye haikupata tendo hata moja la ujasusi au hujuma lililothibitika kufanywa na watu wa asili ya Japani katika pwani ya magharibi, na mwaka 1988 serikali iliomba radhi na kuwalipa walionusurika dola 20,000 kila mmoja. Funzo hilo halikudumu. Mwaka 1999 mwanasayansi Wen Ho Lee, mzaliwa wa Taiwan, alishtakiwa kwa makosa 59 na kuwekwa peke yake gerezani miezi 9. Likabaki kosa moja tu, la kuhifadhi taarifa isivyo halali, ambalo alilikiri, na jaji akamwomba radhi hadharani.

Wapo watakaoniletea jina la Ali Mohamed, na ni haki waniletee, kwa sababu damu iliyomwagika ni ya kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224. Aliyeupiga picha ubalozi wa Nairobi miaka michache kabla, kwa ajili ya Osama bin Laden, ni huyo Ali Mohamed, mzaliwa wa Misri, raia wa Marekani, aliyekuwa sajenti wa jeshi la Marekani kule Fort Bragg. Alikiri mahakamani mwaka 2000. Je, si mgeni aliyepenyezwa? Angalia alivyopita. CIA ilikuwa imemwacha mapema kwa kuwa hakuwa mwaminifu katika kazi aliyopewa. Mwaka 1988, akiwa mwanajeshi, aliwaambia wakubwa wake kwamba anakwenda likizo kupigana Afghanistan, akaenda, akarudi akijisifu, na kamanda wake akaandika ripoti. Ripoti haikufanyiwa kazi. Huhitaji kujua binamu zake wa Misri ni akina nani ili umwogope mtu kama huyo. Alijieleza mwenyewe kwa kinywa na kwa miguu yake, na dola iliyokuwa na uwezo wa kumsoma haikumsoma. Watu wa Nairobi walilipa gharama ya mwenendo uliopuuzwa, na ni kuwakosea heshima kuitumia mauti yao kuhalalisha kuuchunguza ukoo wa kila mwombaji aliyezaliwa nje.

Lipo pingamizi zito zaidi. Tafiti za Wizara ya Ulinzi yenyewe zinaonyesha kwamba tangu 1990 sehemu ya majasusi wa Kimarekani wenye uhusiano na nchi za nje imeongezeka. Tena zipo serikali zinazomkamata ndugu ili kumbana aliyeko mbali: waandishi wa Kiuighuri wa Radio Free Asia mjini Washington waliona jamaa zao wakikamatwa Xinjiang kwa sababu ya kazi yao. Nakubali yote mawili. La kwanza linatueleza kwamba miongoni mwa majasusi wapo wengi wenye uhusiano wa nje. Halituelezi kwamba miongoni mwa wenye uhusiano wa nje wapo majasusi wengi, na ni hili la pili ambalo mpekuzi analihitaji. La pili ni hatari ya kweli, lakini tazama inakaa wapi. Inakaa kwa serikali yenye mkono wa kumshika ndugu na nia ya kumtumia. Mama aliyeko Urumqi na mama aliyeko Moshi hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja, na kigezo B kinapouliza tabia ya serikali husika kinakiri hivyo. Hata pale penye hatari kubwa, waandishi wale wa Kiuighuri waliendelea kuandika.

Hapa ndipo imani ninayoipinga inapotudhuru sisi moja kwa moja. Fomu ya upekuzi, SF-86, ina zaidi ya kurasa 100. Sehemu ya ndugu inataja wazazi, wakwe, watoto, kaka na dada, wa kambo pia. Shangazi hayumo, binamu hayumo, na mwombaji wa kwetu hushusha pumzi. Lakini sehemu inayofuata inauliza kuhusu raia yeyote wa kigeni ambaye, katika miaka 7 iliyopita, umekuwa na mawasiliano naye ya karibu au ya mara kwa mara, mkiwa mmefungamana kwa mapenzi, ushawishi, maslahi au wajibu. Kwa mtu wa Pwani, wa Kilimanjaro au wa Nyanza, wajibu unamgusa shangazi aliyemlea, mjomba aliyeuza ng'ombe kumlipia nauli, na binamu anayesimamia ujenzi. Fomu inauliza pia kama umewahi kumsaidia raia wa kigeni kwa fedha, na kama una mali nje. Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na Marekani ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote. Ada za shule, michango ya msiba na mabati ya nyumba ya mama vimo humo. Mwenye kuamini kwamba mambo haya ni doa atayaficha. Akishayaficha ametenda jambo ambalo sheria ya Marekani inaliadhibu kwa kifungo cha hadi miaka 5, na amejiingiza chini ya kigezo kingine kabisa, cha tabia binafsi, ambako kumtetea ni vigumu mno. Shangazi asingemnyima kibali. Kumficha shangazi kunamnyima.

Na mwaka 2015 ilidhihirika kwa nini kuficha ndiko kunakompa adui nguvu. Wadukuzi walichota kwenye ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani kumbukumbu za upekuzi za watu milioni 21.5. Aliyekuwa ameandika ukweli alidhulumiwa faragha yake, lakini hakuna awezaye kumtisha kwa kumwambia mwajiri jambo ambalo mwajiri analo kwenye faili. Aliyekuwa ameficha deni au ndugu ndiye aliyebaki na kitu cha kutishiwa. Mtu hutishwa kwa kilichofichwa, basi mfumo unaomfundisha mwombaji kuogopa kusema unatengeneza kwa mikono yake ile silaha unayotaka kuinyang'anya nchi adui.

Kuhusu deni kuna uonevu mwingine wa kusemwa wazi. Mwaka 2022 shirika la serikali la kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha lilieleza kwamba madeni ya matibabu yaliyoonekana kwenye ripoti za mikopo za Wamarekani yalifikia dola bilioni 88. Mtu aliyevunjika mguu hakuchagua kudaiwa. Vijana wa jeshi waliandamwa na mikopo kausha damu nje ya malango ya kambi zao mpaka Bunge likatunga sheria mwaka 2006 kuweka ukomo wa riba ya asilimia 36 kwa mwaka. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 serikali yenyewe ilifungwa siku 35, watumishi wapatao 800,000 wakakosa mishahara, na chama cha maofisa wa FBI kikaonya kwamba kuchelewesha malipo ya madeni kunaweza kuhatarisha vibali vyao. Dola iliyoshindwa kulipa mishahara ikabaki na mamlaka ya kumhoji mtumishi kwa nini hakulipa kodi ya nyumba. Anayestahili kuhojiwa kwa ukali ni yule anayekopa huku akijua hatalipa, anayekimbia barua za wadai, anayecheza kamari kwa riziki ya watoto, anayedanganya kodi. Mwenye mpango wa kulipa dola 150 kila mwezi, na risiti zake mkononi, ameonyesha nidhamu ambayo tajiri asiyewahi kubanwa hajawahi kuidhihirisha.

Gharama ya kuwaogopa watu hawa ipo kwenye kumbukumbu. Mwaka 2004 mkaguzi wa Wizara ya Sheria aliripoti kwamba FBI ilikuwa na zaidi ya saa 120,000 za sauti zinazohusu ugaidi ambazo hazijasikilizwa, kwa upungufu wa watu wa lugha. Jeshi lilijaribu kuziba pengo kwa programu ya MAVNI, iliyoidhinishwa mwishoni mwa 2008, iliyowapokea wahamiaji wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwa kimojawapo, na kuwapa njia ya uraia. Zaidi ya 10,000 waliingia kabla haijasimamishwa mwaka 2016 kwa masharti mapya ya upekuzi, na maelfu wakabaki wakisubiri bila kujua hatima yao. Waliokwisha kupata uraia walitakiwa kupekuliwa upya mara kwa mara bila tuhuma mahususi, mpaka jaji wa shirikisho mjini Seattle alipoizuia Wizara ya Ulinzi mwaka 2019 kwa kuwa huo ni ubaguzi wa asili ya taifa. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Januari, Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, na kuua Wamarekani 3. Anayeelewa mvuvi wa Lamu anaposema jambo na anapolizunguka, anayetambua lafudhi isiyo ya mahali pale, ni mtu mwenye jamaa kwenye mwambao huo. Huwezi kuitaka lugha yake ukawakataa waliomfundisha kuisema.

Ninachodai ni kidogo na kinatekelezeka ndani ya kanuni zilizopo. Wizara ya Ulinzi itangaze kila mwaka, nchi kwa nchi, ni waombaji wangapi walionyimwa kwa kigezo B, ili ijulikane kama mwenye ndugu Kenya, rafiki wa Marekani, anapimwa tofauti na mwenye ndugu Uingereza. Barua ya sababu anayopewa mwombaji ieleze ni nani hasa anayehofiwa kumshinikiza ndugu yake na kwa njia gani. Kusema tu kwamba ndugu yupo kusihesabiwe kuwa sababu. Deni la hospitali na la mshahara uliocheleweshwa na serikali lisifunguliwe shauri iwapo mdaiwa ana makubaliano ya malipo anayoyatimiza. Nanyi mnaojaza fomu hiyo usiku huko Minneapolis na Dallas, mwandikeni shangazi, mwandikeni binamu wa ujenzi, andikeni kila shilingi mnayokumbuka kuituma na kila deni lililopita siku 120, tarehe na kiasi, kisha ambatisheni risiti.